Kivuli Juu ya Gauni Jeupe

Msomaji wangu, katika mji wa Paris, ndani ya jumba la makumbusho liitwalo Musée d'Orsay, iko picha kubwa ya wanawake wanne bustanini. Aliyeichora ni Claude Monet, Mfaransa, aliyeianza mwaka 1866 hali hajatimiza miaka 26. Kimo chake chapita mita mbili na nusu. Ili aifikie sehemu ya juu pasipo kuhama mahali pake, alichimba handaki, akawa akiiteremsha humo kwa kapi.

Kila niwaonyeshapo nakala yake wanafunzi wangu wa ualimu, swali la kwanza huwa moja: "Mwalimu, wanawake hawa wanafanya kazi gani?" Swali hilo si la kuchekwa. Kwetu Runyenjes mwanamke aonekanaye penye mimea huwa na jembe, au kikapu cha kuchumia kahawa. Hawa wana mashada ya maua na mwavuli tu. Na magauni yao, nadhani, yalifuliwa na mikono isiyochorwa.

Lakini mlango wa picha hii si kazi, ni jua. Mtazame yule aliyeketi. Gauni lake jeupe limetandaa chini, na kivuli cha mti kimeivuka njia hata kikaliangukia. Je, kivuli hicho ni cheusi? La, kina buluu iliyofifia. Na uso wake, ujapokuwa chini ya mwavuli, haukutiwa giza. Sisi walimu tumezoea kufundisha kwamba kivuli hupakwa kwa penseli nyeusi. Mimi mwenyewe niliwahi kumkata alama mtoto aliyekipaka buluu. Leo ningemwomba radhi.

Waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris waliikataa picha hii mwaka 1867. Bazille, rafiki yake Monet, aliinunua kwa faranga 2,500, akilipa 50 kila mwezi. Mwaka 1921 serikali ya Ufaransa ikatoa 200,000.

Hata hivyo siisifu yote. Nyuso ni baridi. Camille Doncieux, aliyekuja kuwa mke wa mchoraji, ndiye aliyekuwa kielelezo cha zaidi ya mwanamke mmoja humo, na wale wanaosimama pamoja hawaelekei kuambiana neno. Yamkini Monet aliipenda nguo kuliko mvaaji.

Kesho, yapata saa nne asubuhi, tandika shuka jeupe chini ya mgrevilea kando ya kahawa. Andika kila rangi uionayo kivulini, kisha ndipo uifungue picha tena.