Besi ya Chic, Daftari la Caz

Mwaka 1979 zilitoka Marekani santuri mbili zenye besi moja. Ya kwanza ni "Good Times" ya kundi la Chic, iliyofika namba moja katika chati ya Billboard mwezi Agosti. Ya pili ni "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, iliyoingia madukani Septemba, kabla ya ile ya kwanza kupoa. Kila anayesimulia historia ya hip-hop hupita hapa, na wengi wanapotaja wizi huitaja besi. Kwa maoni yangu kilichoibwa ni mistari. Besi ilikuwa mkopo ambao ruhusa yake ilichelewa kuombwa.

Tuufumue wimbo kuanzia chini. Bernard Edwards, mpiga besi wa Chic, anapiga noti ileile mara tatu, kila moja juu ya pigo lake, kisha ananyamaza kidogo, halafu anaijaza nafasi iliyobaki kwa noti za haraka. Juu yake kodi mbili tu zinapokezana. Katikati ya "Good Times" kuna sehemu ambapo waimbaji wanakaa pembeni na besi inabaki na ngoma. Sehemu hiyo ndiyo waliyoihitaji madijei wa Bronx. Dijei anaweka nakala mbili za santuri kwenye mashine mbili: kipande kikiisha huku anakianzisha kule, na cha dakika moja kinarefushwa kadiri watu wanavyocheza. Emsii hapo anapata pa kusimama. Noti tatu zinampa hatua za kuhesabia, na kile kimya kinachofuata kinampa mahali pa kutua kina chake. Ndiyo maana maemsii wengi walichana juu ya besi hii kabla ya studio yoyote kuigusa.

Katika sherehe hizo za Bronx hakuna aliyedhani dijei ameitunga besi. Santuri ilijulikana na wote, na furaha ilikuwa kuitambua. Sifa ya dijei ilikuwa katika kuchagua kipande na kukiunga bila pigo kuteleza. Mistari ilikuwa na sheria nyingine kabisa. Emsii aliyekutwa na ubeti wa mwenzake alifedheheka mbele ya mtaa mzima. Biti ni ya uwanja, maneno ni ya mtu. Ukilishika hilo, mengi katika hip-hop yanaeleweka.

Sylvia Robinson, aliyeanzisha Sugar Hill Records huko New Jersey, hakuikata besi kwenye santuri ya Chic. Aliwaita wanamuziki studio wakaipiga besi upya, mwanzo hadi mwisho, na toleo refu likapita dakika kumi na nne. Jambo hili la kiufundi lina uzito wake. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani mpangilio wa noti na maneno, na ya rekodi, yaani sauti zenyewe zilizonaswa. Ukikata kipande cha santuri umegusa zote mbili. Ukikipiga upya umegusa ya utunzi peke yake. Kwa hiyo Edwards na mwenzake wa Chic, Nile Rodgers, walidai kama watunzi, wakatishia kwenda mahakamani, na majina yao yakawekwa kwenye wimbo. Wakalipwa, na ilikuwa haki yao.

Sasa mistari. Mmoja wa wachanaji watatu wa wimbo huo ni Henry Jackson, aliyeitwa Big Bank Hank. Alikuwa akifanya kazi kwenye duka la piza mjini Englewood, hukohuko New Jersey, na huko Bronx alikuwa akimsimamia kikazi Curtis Brown, emsii ambaye dunia ya hip-hop inamjua kama Grandmaster Caz wa Cold Crush Brothers. Hank hakuwa mtunzi. Nafasi ya kurekodi ilipomjia alikwenda kwa Caz, na Caz anasimulia kwamba alimpa daftari lake achague anachotaka, akitarajia kwamba mambo yakinyooka na yeye atakumbukwa. Hank akachukua mistari akaenda kuirekodi.

Ushahidi hauhitaji shahidi, umo ndani ya wimbo. Zamani Caz alijiita Casanova Fly, na katika ubeti wake alilitaja jina hilo herufi kwa herufi. Hank alizichana herufi zilezile. Alijitambulisha kwa mamilioni ya wasikilizaji kwa jina la mtu mwingine, nao hawakujua.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atalielewa hili haraka kuliko wengi. Kwetu bahari ni za wote. Hakuna mwenye tarbia, wala hakuna anayedai mizani nane kwa nane. Katika kujibizana, kama enzi za Muyaka pale Mombasa, kuchukua vina vya mwenzako ukamjibu kwavyo ni ustadi unaopigiwa makofi. Lakini kwenye kaditamati mtunzi hutaja jina lake, wakati mwingine na mji wake, ili shairi hata likisafiri kwa midomo ya watu lisipotelewe na mwenyewe. Caz alifanya hivyohivyo, akaweka muhuri ndani ya ubeti. Hank alichukua ubeti pamoja na muhuri.

Kinachoniuma ni jinsi sheria ilivyokwenda kinyume na mtaa. Besi, ambayo Bronx iliiona mali ya uwanja, ilipata wanasheria na malipo. Mistari, ambayo Bronx iliilinda kwa aibu ya hadharani, haikupata chochote. Edwards na Rodgers walikuwa na kampuni ya rekodi nyuma yao na karatasi zilizosajiliwa. Caz alikuwa na daftari. "Rapper's Delight" ikawa wimbo wa kwanza wa rap kuingia katika arobaini bora za Billboard, na Caz kwa miaka mingi ameeleza kwamba hakulipwa kwa maneno yake.

Miaka miwili baada ya wimbo huo, Sugar Hill hiyohiyo ilitoa kazi ninayoiona kuwa jibu bora kuliko hukumu yoyote: "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", ya 1981. Humo Flash hapigi ala. Anaunga santuri za watu kwa mikono, na karibu kila kipande ni cha mtu mwingine. Lakini sikiliza mpangilio wake. Anaichezesha "Good Times", na anaichezesha "Another One Bites the Dust" ya Queen, ambayo besi yake ilizaliwa baada ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, kukaa na Chic studio. Anawaweka mzazi na mtoto meza moja, msikilizaji ausikie undugu wenyewe. Hajaficha alikotoa kitu, na bado hakuna aliyewahi kusema kazi hiyo si ya Flash.

Mahakama zilikuja kwa nguvu Desemba 1991, pale Jaji Kevin Thomas Duffy wa New York alipoamua dhidi ya Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Aliifungua hukumu kwa amri ya Biblia ya kutokuiba. Tangu hapo kukata vipande vingi katika wimbo mmoja kukawa ghali, na njia ya Sylvia Robinson ya kupiga upya ikarudi kwa kasi. Dr. Dre aliitumia sana katika "The Chronic" ya 1992. Kwa upande wa maneno, Jay-Z alipotaka mstari wa Nas kwa kiitikio cha "Dead Presidents" mwaka 1996, kilichowekwa ni sauti ya Nas mwenyewe. Mwenye mstari anasikika akiusema.

Huku kwetu, Saleh Jabir, yaani Saleh J, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaichana kwa Kiswahili. Besi ile Vanilla Ice aliitoa kwa Queen na David Bowie, kwa hiyo Saleh alikopa kilichokwisha kukopwa. Wapo wanaoliona jambo hilo kama mwanzo wa uigaji tu. Mimi nauona mgawanyo uleule wa Bronx: biti ya wote, maneno ya kwake. Kuonyesha kwamba Kiswahili, lugha ambayo karibu kila neno lake linaishia kwa irabu na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kinaweza kubebwa na mapigo yaliyokatwa kwa Kiingereza, ilikuwa kazi ya utunzi, na ilibidi mtu aifanye.

Waliofuata walianza kutengeneza biti hapahapa, na baadhi wakageukia vionjo vya nyumbani. X Plastaz wa Arusha walipotaka sauti ya Kimaasai hawakuikata kwenye rekodi ya mtu. Walimwingiza Yamat Ole Meipuko kundini, na mwaka 2004 albamu "Maasai Hip Hop" ilitoka naye akiimba humo kama mmoja wao.