Kichwa Katika Ngao ya Coburg

Katika Ujerumani hata mji mdogo, wenye soko moja na kanisa moja, huwa na ngao yake na bendera yake. Vitu hivi aghalabu hutazamwa kama mapambo. Lakini kwa kuwa vilitungwa ili viseme jambo, vyastahili kusomwa na kuhakikiwa kama maandishi mengine. Katika makala hii nakusudia kuihakiki nembo ya Coburg, mji wa soko la kale ulioko kaskazini ya Bavaria, wenye watu wapatao 40,000. Ndani ya ngao yake, juu ya uwanja wa dhahabu, mna kichwa cha mtu mweusi, na maana ya kichwa hicho imewagombanisha watu.

Kwanza, hapana budi kueleza kanuni za sanaa hii. Ilizaliwa vitani katika karne ya 12, ili askari aliyefunika uso kwa chuma apate kutambulikana kwa mbali. Ndiyo maana rangi zake ni chache na zenye kupingana: nyeusi juu ya dhahabu huonekana toka upande wa pili wa uwanja. Bendera nazo huifuata ngao. Kwa desturi mji hutwaa rangi kuu za ngao yake, manjano ikisimama mahali pa dhahabu. Lakini kanuni iliyo kubwa kwa hoja yetu ni kwamba nembo hutungwa kwa maneno. Maneno ndiyo asili, na picha ni tafsiri yake. Wachoraji kumi waweza kumchora simba yule yule kwa namna kumi, na nembo ikawa ni ile ile.

Je, kichwa hiki ni cha nani? Mji wenyewe hueleza kuwa ni cha Mtakatifu Mauritius, msimamizi wa mji, ambaye kanisa lake kuu la kale limeitwa kwa jina lake. Mapokeo yasema kwamba alikuwa jemadari wa jeshi la Kirumi lililotoka Thebes, Misri, na kwamba mwishoni mwa karne ya 3 aliuawa pamoja na askari wake, katika nchi iitwayo leo Uswisi, kwa kukataa amri iliyopingana na imani yao.

Habari hiyo yatufafanulia jambo lililotokea baadaye. Mwaka 1929 Coburg ulikuwa mji wa kwanza wa Ujerumani ambao Wanazi walipata wingi wa viti katika baraza lake. Mwaka 1934 walikiondoa kichwa, wakaweka upanga wenye alama ya swastika katika kishiko chake. Hawakuweza kuvumilia kutawala chini ya uso wa Mwafrika. Tena, wajue wasijue, walimfukuza askari aliyekataa amri ya dhuluma, wakakiweka chombo cha kuitekeleza. Walipoanguka mwaka 1945, mtakatifu alirudishwa mahali pake.

Wenye kuitetea nembo hukomea hapo, wakisema kwamba kitu kilichochukiwa na Wanazi hakiwezi kuwa tusi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Katika kanisa kuu la Magdeburg kuna sanamu ya Mauritius ya kadiri ya mwaka 1240, ambayo huhesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza kumwonyesha kama mtu mweusi. Amevaa deraya ya minyororo. Uso wake ni wa mtu mmoja maalumu, mwenye fikira na heshima. Katika ngao ya Coburg hana deraya wala taji la nuru. Amebaki na hereni, nywele za kipilipili na midomo iliyokolezwa. Wenyeji humwita «Mohr», neno la zamani la kumtaja mtu mweusi yeyote. Basi jina la mtu limetoweka, likabaki jina la aina.

Mwaka 2020 wengine walitia sahihi kutaka nembo ibadilishwe, na wengine kutaka ibaki kama ilivyo; ikabaki. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimeichukulia picha kuwa ndiyo nembo. Kukifuta kichwa ni kumfukuza Mwafrika mara ya pili kutoka mahali pa heshima alipowekwa na wahenga wa mji. Kukiacha kilivyo ni kuendelea kumsifu mtu kwa mchoro usiomjua. Kanuni ya sanaa yenyewe yatoa njia ya tatu: maneno yabaki, mchoro uandikwe upya. Mchoraji na amrudishie jemadari deraya yake, taji la nuru na uso wake, kama alivyofanya yule fundi wa Magdeburg. Atakayeitazama bendera hiyo sokoni ataulizia jina la mtu yule, na jina analo.