Foleni, Maradhi na Kalamu ya Mfungwa

Mtu akisimuliwa habari za gereza hutaraji kusikia mambo matatu: kosa, hakimu na muda wa kifungo. Kitabu tunachokizungumza hapa ni cha gereza lisilo na hata moja katika hayo. Jina lake ni No Friend but the Mountains, yaani Hakuna Rafiki ila Milima, nacho kilitoka mwaka 2018. Mtungaji, Behrouz Boochani, ni mwandishi wa habari, Mkurdi wa Iran. Mwaka 2013 alivuka bahari kwa mashua kutoka Indonesia ili aombe hifadhi Australia. Serikali ya huko ilikuwa imekwisha kata shauri kwamba ajaye kwa mashua hatapewa makao nchini mwake, ikampeleka kisiwa cha Manus, Papua Guinea Mpya. Kitabu alikiandika kwa Kiajemi, kidogo kidogo, kwa simu aliyokuwa akiificha, akikipeleka nje kwa ujumbe wa WhatsApp. Naye Omid Tofighian akakifasiri kwa Kiingereza.

Waama, sifa yake kubwa ni kuonyesha kwamba mtu aweza kudhulumiwa pasina kupigwa. Kila kitu ni foleni: ya chakula, ya simu, ya choo, ya vidonge. Aliye nyuma humchukia aliye mbele, akamsahau aliyeipanga foleni. Yuko baba wa mtoto mchanga aliyeomba apige simu kabla ya zamu yake kwa kuwa mzee wake yu mahututi. Akanyimwa, maana sheria ni sheria. Kurasa hizo zatosha kumfahamisha mtu dhuluma ya ofisini ilivyo: hapana aliyekunja ngumi, na hapana akubaliye kuwa ndiye mwenye dhambi.

Lakini insafu yataka tuseme na kasoro. Mtungaji huwapa wenziwe majina ya kupanga, na mmoja, kwa kuwa daima yu wa kwanza penye chakula, humwita Ng'ombe. Kitabu chaeleza kuwa wahusika wamechanganywa kusudi ili asijulikane mtu, na hilo ni jambo la heri. Bali kusitiri hakuhitaji jina la mnyama. Nasi tuliofunzwa na Sura ya Al-Hujurat tusiitane kwa lakabu mbaya, jina lile latukwaza kooni. Mara nyingi Boochani husimama kando, akawatazama wenye njaa kama aliye juu yao, na hali yeye ndiye aliyetufunza kuwa njaa ile imepangwa. Waliogeuzwa namba na wakubwa wao hawakustahili kugeuzwa wanyama na mwenzao.

Huenda ukasema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti, sisi tulalao vitandani mwetu tuna haki gani ya kumfunza adabu? Neno hilo lina uzito. Lakini atakayekisoma kitabu hiki huko mbali hatamjua mfungwa yeyote ila kwa sura aliyopewa humo.

Kasoro ya pili ni kwamba masimulizi yakoma kwenye ghasia za Februari 2014, alipouawa Reza Barati, Mkurdi wa Iran. Hivyo msomaji haoni lililofuata, nalo ndilo ushahidi mkubwa wa kitabu. Agosti mwaka ule kijana wa Kiirani wa miaka 24 aliugua kidonda mguuni hapo Manus, sumu ikaingia damuni. Daktari aliomba ahamishwe upesi. Ruhusa ikakawia ofisini Australia. Alikufa Brisbane Septemba 2014. Julai 2018 hakimu wa kuchunguza vifo wa Queensland aliamua kuwa kifo kile kingeweza kuzuiliwa. Tazama, msomaji: hata ugonjwa uliwekwa foleni.

Mahakama Kuu ya Papua Guinea Mpya iliamua Aprili 2016 kuwa kuwafunga watu wale ni kinyume cha katiba, na kituo kikafungwa Oktoba 2017. Mapema 2019 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuwapa madaktari sauti kubwa zaidi katika kuwahamisha wagonjwa; Desemba mwaka uo huo ikafutwa. Boochani mwenyewe alipewa hifadhi New Zealand mwaka 2020.

Basi kitabu hiki na kisomwe, pamoja na kasoro zake. Nasi tunaosoma Sira tukumbuke kuwa Waislamu wa mwanzo waliokimbilia Uhabeshi walifika kwa bahari, bila ruhusa ya mtu, na Najashi aliwasikiliza kwanza kabla ya kuwahukumu. Mzazi atakayesoma na wanawe awaulize swali moja: mgonjwa akiwa mikononi mwetu, na kwao si hapa, tutamwita tabibu kwanza au tutamwuliza karatasi?