Kiziwi Asikiaye: Tumaini katika "Mbwa" wa Goya

Katika uhakiki wa sanaa imezoeleka njia ya mkato: msanii akiwa kiziwi, kila rangi nzito aliyoipaka huhesabiwa kuwa kilio cha uziwi wake. Francisco Goya (1746-1828), mchoraji wa Uhispania, ameonewa mara nyingi kwa njia hiyo. Aliugua sana mwishoni mwa mwaka 1792, na alipopona mwaka uliofuata hakusikia tena sauti.

Mwaka 1819 alinunua nyumba nje ya Madrid iliyoitwa Nyumba ya Kiziwi. Jina hilo lilimtangulia, jambo linalowapasa hadhari wale wanaolifanya ufunguo wa kila kitu. Kufikia 1823 kuta zake zilikuwa na michoro 14 ya rangi za mafuta. Goya hakuiachia majina.

Mmoja wao watu wameuita "Mbwa". Kwa upande wa fani, unaikaribia sanaa dhahania, karibu karne moja kabla ya Kandinsky na wenzake kuacha sura za vitu. Sehemu yake kubwa ni uwazi wa manjano iliyofifia. Chini umepita mteremko wa kahawia, na juu ya ukingo wake kimechomoza kichwa kidogo cha mbwa, jicho likielekea juu. Hakuna mti, hakuna mtu. Mnyama anazama au anajificha? Mchoro hausemi.

Maudhui yake yamo katika jicho hilo. Kichwa kingeweza kuinama, nacho kimeinuliwa. Tumaini hapa si furaha, bali ni kukataa kushusha macho.

Yaweza kupingwa kwamba mchoro wa leo si ule wa ukutani. Kuanzia 1874 michoro hiyo ilihamishiwa kwenye turubai, ikaharibika na kutengenezwa upya. Na katika picha ya zamani iliyopigwa na Laurent wataalamu wengine huona ndege angani. Hata hivyo hoja haivunjiki. Ikiwa ndege walikuwapo, mbwa alikuwa na cha kutazama. Ikiwa hawakuwapo, alitazama juu pasipo kitu. Kwa vyovyote vile hakuinama.

Lugha ya Kiswahili, hasa ya Kongo, yaweza kumwongoza mhakiki katika jambo hili. Kitenzi "kusikia" si mali ya sikio peke yake: mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu. Kwa maana hiyo Goya hakuacha kusikia hata siku moja, na mchoro huu ni ushahidi wake.

Mhakiki anayeanza na masikio ya msanii hukomea masikioni. Anayeanza na rangi, ukubwa wa uwazi na udogo wa kichwa, hufika moyoni. Msanii kiziwi, awe wa Madrid ya jana au wa Lubumbashi ya leo, anadai haki moja: kazi yake itazamwe kwanza, ndipo yasimuliwe maradhi yake.