Uthabiti Si Usahihi

Mfasiri anayeuita uwezo wa chombo kurudia jibu lile lile "usahihi" anakosea. Mizani ya majani ya chai ipunguzayo kilo 2 kila ipimapo, mkulima wa Lufingo ataikiri kuwa ni thabiti. Sahihi, hata kidogo! "Uaminifu" nao ni sifa ya mtu. Twapendekeza "uthabiti". Katika upimaji wa mishipa ya damu ya retina (ambayo si mboni, kama wengine waandikavyo) jambo hili ni zito. Shinikizo la juu la damu huzifanya ateri ndogo kuwa nyembamba. Chombo kisicho thabiti kikitoa vipimo viwili tofauti kwa jicho moja, daktari hatajua kama ni mshipa uliosinyaa au ni chombo kilichoyumba.