Hasimu Mtu na Hasimu Mashine: Suala la Uhusika katika Michezo ya Vita vya Kihistoria

0. Utangulizi

Anayecheza bao hutazama vitu viwili kwa pamoja: mashimo 32 yaliyo mbele yake, na uso wa mwenzake. Kete 64 zahesabika, uso hauhesabiki. Ndiyo maana bao huchezwa barazani mbele ya watazamaji, na maneno ya kutaniana huwa sehemu ya mchezo kama zilivyo kete zenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza michezo ya aina nyingine, yaani ile ya mikakati inayoigiza vita na tawala za kihistoria, ambayo siku hizi vijana wengi, wakiwamo wanafunzi wetu, huicheza kwa kompyuta. Katika michezo hiyo mtu anaweza kupambana na binadamu mwenzake, au na programu iliyotungwa ili kushika nafasi ya binadamu. Wachezaji hubishana daima ni yupi kati ya hao wawili aliye hasimu bora. Wengi hujibu kuwa ni mtu, kwa kuwa mashine, wasemavyo, ni dhaifu.

Dai letu ni kwamba jibu hilo laweza kuwa sahihi, lakini sababu yake si sahihi. Hasimu katika mchezo wa kihistoria hana kazi ya kushindana tu. Anasimama mahali pa mfalme, jemadari au taifa lililowahi kuwapo. Kwa maneno mengine, yeye ni mhusika. Na mhusika hapimwi kwa nguvu zake, bali kwa ukweli wake. Hivyo basi jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Latuhusu sisi pia tunaoshughulika na uhakiki wa fasihi.

1. Mwamuzi aliyetoweka

Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prusia mchezo wa vita uliochezwa mezani. Mwaka 1824 mwanawe aliutengeneza upya kwa kutumia ramani za kijeshi, ukaenea jeshini kwa jina la Kriegsspiel. Katika mchezo huo pande mbili zilizopigana hazikuona hali yote ya vita. Kila upande uliandika amri zake na kumkabidhi mwamuzi. Huyo ndiye aliyejua kila kitu: alirusha dadu, akaamua nani amepoteza askari wangapi, kisha akatoa kwa kila upande zile habari tu ambazo jemadari wa kweli angeweza kuzipata. Baadaye, mwaka 1876, Julius von Verdy du Vernois alipendekeza majedwali ya kanuni yapunguzwe na mambo mengi zaidi yaachiwe busara ya mwamuzi.

Mchezo ulikuwa, basi, na nafasi tatu: mapigano yalikuwa ya wawili, na hukumu ilikuwa ya wa tatu. Kompyuta ilipokuja ilichukua kwanza kazi ya mwamuzi, na kazi hiyo iliifaa sana, maana kuhesabu hakuichoshi wala siri haivujishi. Kisha ikapewa pia nafasi ya hasimu. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa kesi ya ngedere hapelekewi nyani.

Si kila mtungaji aliyelipuuza onyo hilo. Chris Crawford, katika Eastern Front (1941), mchezo uliotoka mwaka 1981, alimpa mchezaji majeshi ya Wajerumani yaliyoivamia Urusi, na mashine akaipa majeshi ya Warusi. Kompyuta za siku zile zilikuwa na uwezo mdogo. Crawford aliifanya mashine ipange hatua zake katika muda uleule ambao mchezaji anafikiri. Ukikawia, nayo inazidi kuiboresha mipango yake. Ukiharakisha, umeinyima nafasi. Huo ni uungwana wa aina yake: wote wawili wanatumia saa moja.

Tulinganishe na Civilization VI, mchezo wa mwaka 2016. Katika kiwango chake kigumu kuliko vyote, hasimu mashine haongezewi akili, huongezewa mali. Huanza na walowezi na askari wengi kuliko mchezaji, na miji yake huzalisha upesi zaidi. Hatusemi kwamba ni kosa kumsaidia aliye mnyonge. Tunasema kwamba mchezo unaodai kuonyesha historia hapa unadanganya juu ya chanzo cha nguvu. Mchezaji aliyeshindwa anapojiuliza kwa nini jirani yake amekuwa taifa kubwa, hataipata sababu katika mito, biashara wala sera. Mwamuzi ndiye aliyempendelea ndugu yake.

2. Hoja ya nguvu imekwisha

Wale wanaosema kuwa mashine ni dhaifu wanapaswa kukumbushwa mambo yaliyotokea. Mwezi wa Mei 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Mwaka 2016 AlphaGo ilimshinda Lee Sedol katika mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja. Yawezekana kujitetea kwamba katika michezo hiyo kila kitu ki wazi juu ya ubao, na hakuna anayesema na mwenzake. Lakini utetezi huo nao umekwisha kuvunjwa.

Mchezo wa Diplomacy, uliotungwa na Allan B. Calhamer na kutolewa mwaka 1959, huigiza mataifa saba makubwa ya Ulaya kabla ya vita vya 1914. Hauna dadu. Kila mchezaji huandika amri zake kwa siri, nazo hufunuliwa zote kwa wakati mmoja. Hakuna awezaye kufika mbali peke yake. Lazima wachezaji wafanye mapatano, na hakuna sheria inayomlazimisha yeyote kuyatimiza. Ni mchezo wa ulimi kuliko wa silaha. Mwezi wa Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza programu iitwayo Cicero, ambayo ilicheza michezo 40 na watu wasioambiwa kwamba wanaandikiana na mashine. Katika orodha ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja, ilikuwa miongoni mwa asilimia 10 ya juu.

Kumbe mashine inaweza kushawishi, kubembeleza na kuahidi. Watungaji wake walieleza kuwa waliikuza iwe mkweli. Hata hivyo, mwaka 2024 watafiti wengine walichapisha mifano ya michezo ambamo iliahidi hivi na kutenda vile. Kwetu sisi jambo la kuzingatia si kama ilidanganya au la, maana wanaocheza Diplomacy hudanganyana kila siku. Jambo la kuzingatia ni gharama. Mtu anayemsaliti mwenzake mchezoni atakutana naye kesho njiani, na huenda wakawa hawasemezani kwa juma zima. Ameweka rehani sehemu ya heshima yake. Tunaposema kuwa ahadi ni deni, tunamaanisha kwamba mdai na mdaiwa wote wapo. Mashine ikiahidi, mdai yupo, lakini mdaiwa hayupo.

Kwa hiyo tofauti kati ya mahasimu wawili hawa haiko katika uwezo wa kushinda. Iko katika kile ambacho kila mmoja anaweza kukipoteza.

3. Mvemba a Nzinga wa mashine

Tufikie sasa mfano unaotugusa kwa karibu. Miongoni mwa viongozi wa Civilization VI yumo Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo, aliyebatizwa kwa jina la Afonso na kutawala tangu mwanzo wa karne ya 16 hadi miaka ya 1540. Tukiri kwanza kwamba kuwapo kwake ni jambo la heshima. Mbanza Kongo inatajwa, ngao za askari wake zinaonekana, na kijana wa Chicago au wa Seoul ambaye hakuwahi kuisikia Kongo analazimika kuijali.

Lakini ameumbwaje? Mchezo umemwekea mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni sharti: hawezi kuanzisha dini yake mwenyewe, ila hunufaika na dini ya wengine ikishaenea katika miji yake. La pili ni tabia: huwapenda wanaomletea dini, na huwachukia walio na dini wasiomletea. Sharti humfunga yeyote anayemchukua mfalme huyu, awe mtu au mashine. Tabia, kwa upande wake, huifunga mashine tu.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanaijua mbinu hii. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, na tangu jina linapotajwa tumekwisha kujua watakachotenda. Fisi wa ngano zetu ni mlafi usiku na mchana. Wahusika wa namna hiyo wana kazi yao: wanafundisha. Lakini riwaya yetu haikukomea hapo. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tunamwona binti ambaye mazingira yanambadilisha hata asifanane na yule wa kurasa za mwanzo. Mvemba a Nzinga wa mashine ni wa jamii ya Hasidi na Mwivu. Angeweza kuitwa Mfuasi, na hadithi yake ikaishia hapo.

Mfalme wa historia hakuwa hivyo. Ni kweli kwamba aliipokea dini ya Wareno kwa moyo, akaomba mapadri na walimu, na mwanawe Henrique akateuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Lakini mwaka 1526 mfalme huyohuyo alimwandikia João III wa Ureno barua za malalamiko makali. Alisema kwamba wafanyabiashara wanawakamata watu wa nchi yake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake, na kwamba nchi inaishiwa na watu. Aliomba aletewe mapadri na walimu, wala si wafanyabiashara na bidhaa zao. Katika mwaka uleule aliweka watu watatu wa kuchunguza kila mtumwa aliyenunuliwa, wajue kama alikamatwa isivyo halali. Wala biashara hiyo haikukoma katika utawala wake. Naye mwenyewe alikuwa na sehemu ndani yake.

Huyu ndiye mhusika kamili: anapokea kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mkono wa pili, anaamini na kushuku, analalamika na kushiriki. Mashine iliyopewa tabia moja haiwezi kuiandika barua ya mwaka 1526. Ikiletewa dini, itashukuru. Na mwaka ufuatao itashukuru tena. Hatari yake ni kwamba mchezaji asiyejua historia atatoka mchezoni akidhani kuwa huo ndio moyo wa Kongo: nchi inayongoja kupewa, na yenye furaha ikipewa.

Pengine msomaji atajibu kwamba sharti na tabia hizo ni za mfalme mmoja, wala si za nchi nzima. Tunakubali. Hata hivyo ni vema kukumbuka kwamba katika nchi hiyohiyo Kimpa Vita alianzisha harakati yake ya kidini mwaka 1704, akachomwa moto mwaka 1706 kwa sababu yake.

4. Kasoro za hasimu mtu

Je, tumweke basi mtu mahali pa mashine, na kila kitu kitatengemaa? La hasha. Mtu naye ana kasoro zake, na uhakiki wa haki hauna budi kuzitaja.

Kwanza, mtu anajua mwisho wa hadithi. Hakuna anayemwongoza Napoléon mchezoni asiyejua yaliyolipata jeshi lake nchini Urusi mwaka 1812; hivyo anaikwepa Moscow, na kosa lenyewe ambalo mchezo ulitaka tulielewe halitendeki. Pili, mtu huchoka kushindwa. Akiona mambo yameharibika huaga na kuondoka, ilhali wafalme wa kweli hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mashine, kinyume chake, hubaki mpaka mji wa mwisho utekwe. Tatu, na hili ndilo zito, mtu anaweza kumchukua Mvemba a Nzinga bila kumjali. Kwake mfalme ni orodha ya faida: huyu ana askari hawa, yule ana jengo lile. Yu huru kuiandika barua ya 1526, lakini hajui kwamba iliwahi kuandikwa. Uhuru bila maarifa haumleti mhusika aliye bora kuliko yule wa mashine. Labda mashine yenyewe imekuwa aminifu zaidi, kwa kuwa walau inakumbuka kwamba mfalme huyu alikuwa na dini.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa hasimu mtu na hasimu mashine hauwezi kuamuliwa kwa kuuliza nani mwenye nguvu. Mashine imekwisha kuwa na nguvu, na itazidi. Isichokuwa nacho ni kitu cha kupoteza, na penye tabia moja iliyofungwa haiwezi kugeuka. Mtu anaweza kugeuka, ila mara nyingi hajui ageuke kuelekea wapi.

Kutokana na hayo tunapendekeza jambo moja dogo kwa wenzetu wanaofundisha historia na fasihi. Mchezo wa 1824 haukuhitaji kompyuta. Wanafunzi wawili, mmoja akiwa Kongo na mwingine Ureno, wanaweza kupewa nakala za barua za Afonso wazisome kwanza, kisha waandikiane amri na barua zao wenyewe, naye mwalimu awe mwamuzi. Karatasi zatosha, hata siku ambayo umeme umekatika. Huyo atakuwa hasimu mtu aliyesoma, mwenye mwamuzi asiye ndugu yake, na anayejua kwamba baada ya kipindi atakutana na mwenzake uani. Tutafurahi kupokea kutoka kwa wasomaji wa jarida hili habari za watakaojaribu, pamoja na hoja za wasiokubaliana nasi.