Macho Mawili, Lugha Moja: Uhakiki wa Makusanyo ya Picha Kongwe za Miji ya Afrika Mashariki

Stereografu ni jozi ya picha za mahali pamoja zilizopigwa kutoka pembe zinazotofautiana kidogo. Zikitazamwa kwa kifaa chenye lenzi mbili, mtaa huonekana una kina. Wakusanyaji wa Marekani huzithamini zile za miji michanga ya magharibi ya nchi yao. Afrika Mashariki nayo ina urithi wa aina hiyo. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga stereografu Unguja. Alipoingia bara pamoja na John Hanning Speke, aliiacha kamera akawa anachora. Hivyo Unguja ilibakiwa na picha, na Karagwe, jirani ya Rwanda, ikabakiwa na michoro.

Hata hivyo, makala haya yanadai kuwa tatizo kubwa zaidi si uchache wa picha bali lugha ya maelezo yake. Mfano ni Mkusanyo wa Winterton. Humphrey Winterton, Mwingereza, alikusanya maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Tangu 2002 zimo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Kazi hiyo inastahili sifa, kwani imeziweka pamoja albamu ambazo zingeweza kutawanyika minadani. Lakini katalogi yake ni ya Kiingereza, na wengi wa waliozitengeneza albamu hizo walikuwa maofisa, wamisionari, walowezi na wasafiri.

Athari yake huonekana katika majina. Ng'ambo ya Unguja ilizoeleka kuelezwa kwa Kiingereza kuwa "mji wa wenyeji". Maelezo hayo humpa mtazamaji mgawanyo wa watu kwa rangi tu. Jina Ng'ambo humpa jiografia: upande wa pili wa hori lililoutenga mtaa huo na Mji Mkongwe, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Asiyelijua jina hilo hatayatafuta maji katika picha.

Suala hili linaihusu Kigali pia. Nyumba ya Richard Kandt, anayehesabiwa mwanzilishi wa mji huo mwaka 1907, sasa ni makumbusho katika wilaya ya Nyarugenge, ilimo Kimisagara. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Lakini mwanafunzi wa Kimisagara anayetafuta picha za miji ya kanda katika katalogi ya Kiingereza hulazimika kukisia jinsi mgeni wa zamani alivyouita mtaa.

Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na makumbusho za kanda zikubaliane juu ya muundo mmoja wa katalogi wenye sehemu tatu: maelezo asilia, yasiyofutwa kwa kuwa nayo ni ushahidi, jina la mahali kwa lugha ya wakazi, na ufafanuzi wa Kiswahili. Kudai nakala za kidijitali bila masharti hayo ni kurejeshewa picha zetu zikiwa bado na majina ya wengine.